Mama Philomène wa Matangazo ya Mto

“Ni nani alisomaka hii mbele ya kuitia mu site?”

Hilo ndilo swali ambalo marehemu Mama Philomène Bosenge Litanda aliliuliza asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Oktoba 2022, akiwa amesimama mlangoni mwa chumba kimoja cha ofisi katika commune ya Makiso, hapa Kisangani, mbele ya vijana watatu waliokuwa ndani, ambao wote walikuwa na midomo na wote walikuwa wamesoma shule.

Watumishi wa Mungu mliofika, wakubwa wa familia ya Yanonge na ya Basoko, majirani wa avenue yetu, wanafunzi wake wa zamani, wafanyakazi wa Sauti ya Beach, na ninyi nyote mliokaa nasi katika matanga haya, tunaomba mtuvumilie tulifikie swali hilo kwa njia yake, kwa sababu maisha ya mtu hayaanzi ofisini, na haya yalianza kwenye mto.

Mama Philomène alizaliwa Yanonge, tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa Papa Ambroise Litanda, aliyekuwa katekista, na Mama Lydie Bosenge, aliyekuwa akiuza samaki wa kukauka, na waliomjua akiwa mdogo wanasema alikuwa mtoto wa kunyamaza, si kwa woga bali kwa kusikiliza, maana baba yake alikuwa na desturi ya kumsomea mkewe somo la Jumapili tangu Jumamosi mchana, polepole, mama akiendelea kupanga samaki wake, na kila mahali mama aliposimamisha mkono na kuinua uso, baba alijua kwamba hapo watu watapotea, akarudia kwa maneno mengine mpaka mkono wa mama uanze tena kutembea.

Alisoma shule ya msingi Yanonge, kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, kisha humanités pédagogiques, yaani sekondari ya ualimu, huko Isangi kwa masista, alikopata diplome yake ya serikali mwezi wa Julai 1979, na furaha ya diplome hiyo haikukaa, kwa kuwa tarehe 2 Septemba ya mwaka huohuo Papa Ambroise aliaga dunia, na siku ya mazishi, wakati historia ya marehemu ilipokuwa ikisomwa, noko zake Papa Ambroise, yaani ndugu za mama yake, walisikia kijiji chao kikitajwa vibaya na jina la dada yao likirukwa kabisa, kwa sababu aliyeandika aliandika mbiombio na hakumsomea mtu. Wazee hao hawakupiga kelele. Walichukua viti vyao, wakavipanga mlangoni, wakakaa, na mkubwa wao akasema, “Maiti haitoke. Mwanaume hawezi kuzikwa kama mutu mwenye hakuzaliwa.” Ndipo binti wa miaka kumi na minane, ambaye machozi ya kumlilia baba yake yalikuwa bado hayajakauka, alipoitwa aandike upya, akaandika, akaingia nao ndani, akawasomea wao kwanza, akarekebisha pale walipoinua nyuso, na jua lilipoanza kushuka viti viliondolewa mlangoni na Papa Ambroise akaenda zake kwa heshima.

Tangu siku hiyo, katika familia yetu historia ya marehemu husomwa kwanza ndani, na hii mnayoisikia ilisomwa jana mbele ya noko wa familia, nao walitusahihisha tarehe ya ndoa, na tukawashukuru.

Alianza kufundisha Yanonge mwezi wa Oktoba 1979. Mama Lydie alipofariki mwaka 1981, Mama Philomène alimchukua mdogo wake wa mwisho, Alphonse, mzaliwa wa 1974, akamlea kama mtoto wa tumbo lake, ingawa mtoto alimwita yaya, yaani dada mkubwa, na mwaka 1982 alipohamishiwa Kisangani alikuja naye, yeye na sanduku moja na Alphonse, katika baleinière, mashua ndefu ya mbao, iliyojaa kwanga za muhogo na mbuzi, wakashuka beach, yaani bandari ya mashua, mvua ikinyesha.

Hapa mjini alifundisha mwaka wa tano wa shule ya msingi hadi Julai 2016, na tunajua kwamba nusu ya watu walioketi chini ya bâche hii ya turubai walipita katika dictée zake, yaani imla, na nusu nyingine wameoa au kuolewa na waliopita. Hata vita ya siku sita ya Juni 2000 ilipoondoa paa la darasa lake, alikusanya watoto waliobaki kwenye veranda ya kanisa la jirani, akawapa dictée, na mzazi mmoja alipomwambia, “Mwalimu, ni saa ya dictée hii?” alimjibu kwamba watoto wamesikia makelele ya kutosha, acha wasikie sentensi yenye mwanzo na mwisho. Hakuwa mtu wa fimbo. Lakini alikuwa na somo moja alilolirudia kila mwaka, na wengi wenu mnalijua kwa moyo: “Karatasi yenye mutu hakuisoma mara ya pili, weye pia usiiamini mara ya kwanza.”

Tunawaomba mlikumbuke somo hilo, kwa maana ndilo lililomchoma mwenyewe.

Alifunga ndoa na Papa Benoît Osumaka, fundi wa mashini za mashua, mzaliwa wa Basoko, tarehe 22 Desemba 1984, baada ya uchumba wa barua, kwa kuwa Papa Benoît alikuwa akifanya kazi kwenye mto wa Aruwimi na hakukuwa na njia nyingine ya kumtongoza mwalimu, na Papa Benoît, ambaye yuko hapa mbele yetu, anapenda kusimulia kwamba barua yake ya kwanza ilirudi kwake na wino mwekundu kila mahali, na chini yake imeandikwa, “Saba juu ya kumi. Mawazo ni mazuri. Rudia.” Anasema, “Mie nilirudia, nikapita, na tangu siku ile sikupata congé, ata siku moja.” Mungu aliwajalia watoto watatu, Henri aliyezaliwa mwaka 1986, Simone aliyezaliwa mwaka 1989, na Lydie, aliyepewa jina la bibi yake, aliyezaliwa mwaka 1993, na wajukuu saba ambao wote wanajua kusoma, pamoja na yule ambaye bado hajaanza shule.

Mwaka 2017, Lionel, aliyekuwa mwanafunzi wake, alifungua tovuti inayoitwa Sauti ya Beach, ili watu wajue kwa simu zao baleinière gani inaondoka, lini, kutoka gati gani, na iko katika hali gani, na pia matangazo ya vifo, matokeo ya mitihani, na habari za maji ya mto, na alikuja nyumbani na kilo moja ya sukari kumwomba mwalimu wake awe msahihishaji. Papa Benoît alicheka, akasema mwanamke huyu ametoka tu kwenye madaftari, munataka kumurudisha? Lakini Mama Philomène alikubali, na sababu aliyoitoa ni hii: pale beach, kila mwenye mashua ana adui, na adui huyo ana simu, na kabla ya kila safari maonyo ya uongo hutembea kutoka simu hadi simu, kwamba mashua ya fulani imetoboka, kwamba mashini ya fulani imekufa, ili abiria wahame waende kwa mwingine, na mama mwenye mizigo yake mitatu na mtoto mgongoni hana njia ya kujua lipi ni kweli. Alisema basi kuwe na mahali pamoja ambapo mtu akisoma tangazo anaona, kwa namna lilivyoandikwa tu, kwamba kuna mtu mzima aliyekaa akalifikiri.

Kazi yake aliifanya kama baba yake alivyofanya. Hakuna tangazo lililopanda kwenye tovuti kabla mmoja hajalisoma kwa sauti na mwingine akasikiliza, na wa kusikiliza hakuruhusiwa kuangalia kioo, ilikuwa ni sikio tu. Joëlle, binti aliyeajiriwa mwaka 2018, anasema mwanzoni alidhani ni adhabu. Na tuseme kweli, maana marehemu hakupenda sifa za bure, utaratibu huo ulikuwa na bei yake, kwani mwaka 2019 tangazo moja la kifo lilikaa ofisini likisomwa na kusomwa tena, hata ndugu waliokuja kwa toleka, baiskeli za kubeba watu, kutoka ng'ambo ya mji wakakuta watu wanarudi kutoka makaburini, nao wakaja Makiso kumwambia machoni kwamba tangazo zuri lililochelewa ni karatasi ya kufungia karanga. Alikubali kwamba wana haki. Tangu hapo alianza na yale yanayomfanya mtu ainuke aende, yaani siku, saa na mahali, hayo yapande kwanza yakiwa safi, mengine yafuate.

Kuna watu katika mji huu, na wengine wana diplome zilizotundikwa ukutani, ambao walimcheka. Walisema ni mambo ya kizee, ni kiburi cha walimu wa zamani, mtandao si daftari la shule, muhimu ni ujumbe ufike, maana si imeeleweka? Tuwajibu leo, maana yeye aliwajibu kwa upole mno. Mtu akiingia kwako vifungo vya shati vimepishana, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, si lazima awe mwongo, lakini akikuambia nyumba yako inaungua, utamwangalia kwanza shati, na katika muda huo wa kuangalia shati, nyumba inaungua kweli. Kueleweka si sawa na kuaminika. Hata mwongo anaeleweka, tena vizuri sana. Na anayeandika tangazo kwa ajili ya watu elfu moja bila kulisoma tena anawaambia watu hao elfu moja kwamba dakika yake moja ina thamani kuliko wao wote pamoja.

Mwezi wa Agosti 2022 Mama Philomène alipasuliwa macho, akaamriwa kupumzika, asiangalie simu wala kitabu, na ofisini kazi ilibaki kwa Lionel, Joëlle na kijana Papy, ambao walikuwa na haraka ya kuwa wa kwanza mjini kwa kila habari, wakaacha kusomeana, wakawa wanabandika vitu kama vilivyofika. Kidogo kidogo tovuti ikawa kichekesho. Watu wa beach walikuwa wakionyeshana kurasa zake na kucheka, matangazo ya kifo yenye majina ya watu walio hai, sentensi zilizoanza kwa Kiswahili zikafia njiani, tarehe za wiki iliyopita, na mama mmoja muuza kwanga alisema, “Sauti ya Beach sasa iko na malaria.”

Jumapili tarehe 9 Oktoba 2022, fundi mmoja alikagua baleinière iliyokuwa iondoke kesho yake kwenda Basoko, akakuta mbao za chini zimeoza na mzigo umeshazidi, akapeleka habari ofisini, na habari hiyo ilikuwa ya kweli, tunasisitiza, ilikuwa ya kweli tupu, na vijana waliibandika palepale. Lakini waliibandika bila kuisoma. Jina la mashua liliandikwa kwa namna mbili, siku iliyotajwa ilikuwa ya safari iliyokwisha kupita, hapakuwa na nukta hata moja, na katikati ya onyo kulikuwa kumebaki kipande cha salamu za harusi, kilichonakiliwa kwa bahati mbaya kutoka tangazo jingine, kikiwatakia abiria maisha marefu yenye upendo.

Alphonse Litanda, ambaye wakati huo alikuwa mfanyabiashara wa mafuta ya mawese na baba wa watoto wanne, alikuwa na tiketi ya mashua hiyo, na onyo lilimfikia, alilisoma akiwa amekaa juu ya madumu yake pale beach. Tunajua hivyo kutoka kwa Papa Rachidi, muuza vitambaa aliyekuja mjini kutoka Maniema, rafiki yake wa safari, ambaye Mungu alimtoa majini akiwa hai. Papa Rachidi alitaka kubaki. Alphonse alimwonyesha simu, akacheka, akasema, “Angalia hii, Rachidi. Mutoto wa yaya Philo wa mwaka wa tano hawezi kuandika vile, ata akilala. Ni bale ba mashua ingine banatuchezea. Yaya alitufundisha: yenye haijasomwa, usiiamini.” Papa Rachidi alimwuliza, “Na kama iko kweli?” Naye akajibu, “Kama iko kweli, bangeiandika sawa na batu bazima.”

Wakapanda. Jumatatu tarehe 10 Oktoba, kabla ya kufika Yanonge, chini ya mashua kulipasuka, na ingawa watu wa mitumbwi walikuja upesi na kuwatoa wengi, Alphonse hakuonekana hadi Jumanne, naye alizikwa Yanonge Alhamisi tarehe 13, karibu na baba yake.

Ni katika matanga hayo ndipo Papa Rachidi alipomsimulia Mama Philomène maneno hayo. Walikuwa wamekaa nyuma ya nyumba, upande wa jikoni. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamwomba arudie, Papa Rachidi akarudia, akilia, na Mama Philomène akamshika mkono, akamwambia, “Asante, ndugu yangu. Weye ulisema vizuri,” kisha akainuka akaenda kuosha sahani za wageni, akaziosha zote, pamoja na zile zilizokuwa zimekwisha kuoshwa. Fikirini, waombolezaji. Mtoto aliyemlea mwenyewe alikufa kwa kutii somo lake mwenyewe. Alphonse hakukosea kuhusu karatasi ile, kwa kuwa kweli hakuna aliyekuwa ameisoma. Alichokosea ni kudhani kwamba watu wa kweli hawawezi kuwa wazembe.

Ndivyo alivyofika mlangoni mwa ofisi ile tarehe 24 Oktoba, na macho yake bado yakiwa na wekundu wa operesheni na wa kilio, akauliza swali lake. Papy aliangalia chini. Joëlle alijifunika uso kwa kitambaa. Lionel alisema, “Mama, mutusamehe, lakini habari ilikuwa ya kweli. Maana ilikuwa pale.” Naye akamwambia, bila kuinua sauti, “Ndiyo, Lionel. Maana ilikuwa pale. Alphonse pia alikuwa pale. Hawakukutana.”

Wengi katika familia yetu tulitaka awaache, na wengine, kwa hasira ambayo mpaka leo hatuioni kuwa mbaya, tulitaka tovuti ifungwe na vijana wale waitwe mbele ya watu, na Henri, mtoto wake wa kwanza, alimwambia waziwazi, “Mama, unaenda kufanya kazi na bale baliua noko?” Alimjibu kwamba site ikifungwa, beach itabaki na waongo peke yao, na kwamba yeye hatafuti mkosaji, anatafuta kiti chake. Jumanne alikuwa kazini.

Kuanzia siku ile alifanya mambo ambayo mtu mwingine angeyaona madogo. Alirudi nyuma, ukurasa kwa ukurasa, akasahihisha kila tangazo la miezi ile, na chini ya kila moja aliandika kwamba limesahihishwa na ni nini kilichokuwa kimekosewa, jambo lililomwuma Lionel, aliyesema, “Mama, tunajiaibisha mbele ya dunia,” naye akamjibu, “Dunia ilishaona, mwanangu, tunabakia sisi.” Kisha alimchukua Joëlle, wakawa wanashuka beach asubuhi, wakikaa kati ya wabeba mizigo na mama wauza kwanga, wakiwasomea matangazo ya siku kwa Kiswahili na kwa Lingala kabla ya kuyabandika, na pale mtu alipokunja uso, walirekebisha. Mwanzoni watu wa beach waliwafukuza kwa maneno. Mmoja aliwaambia, “Mama Mwalimu, leo tena munatutakia maisha marefu yenye upendo?” na watu wakacheka, naye alikaa palepale, hakuondoka, akasoma tangazo hadi mwisho.

Lionel alileta pia programu inayosahihisha maandishi yenyewe, iliyosifiwa sana, na marehemu hakuikataa, aliitumia wiki nzima, kisha akasema, “Iko muzuri, iko na juhudi, lakini haijui kwetu,” kwa kuwa kila ilipokuta jina la Yanonge ililibadilisha kuwa jina la mzungu asiyejulikana.

Mwezi wa Machi 2024 fundi alileta onyo jingine, kuhusu mashua nyingine ya kwenda Basoko. Joëlle alisoma, Papy akasikiliza, Mama Philomène akasikiliza pia, likapanda likiwa safi. Kabla ya saa sita mwenye mashua aliingia ofisini akipiga makofi mezani, “Munaniharibia kazi! Munalipwa na nani?” Lionel alitaka kumtoa nje. Mama Philomène alimvutia kiti, akamsomea tangazo lote kwa sauti, taratibu, akamwuliza ni neno gani la uongo, na mtu huyo, aliyekuwa amejiandaa kwa ugomvi na si kwa kusikiliza, alisema kwamba ukaguzi haukufanyika asubuhi bali mchana. Simu ikapigwa kwa fundi, ikawa ni kweli, pakasahihishwa mbele ya macho yake, naye akashukuriwa. “Na mbao za chini?” Mama Philomène akamwuliza. Mwenye mashua aliinuka, akatoka. Chini kule beach, abiria walikuwa wameshaanza kushusha mizigo yao wenyewe, na mama yule wa kwanga, yuleyule wa malaria, alikuwa akiwaambia wengine, “Kama Mama Philo ameisoma, mie sipande.” Mashua haikuondoka siku hiyo, iliondoka baadaye ikiwa na mbao mpya, na ikafika. Jioni marehemu alirudi nyumbani, akamwambia Papa Benoît neno moja tu, “Bameamini,” akaomba chai.

Ugonjwa wa tension, yaani shinikizo la damu, uliokuwa ukimfuata kwa muda mrefu ulishika figo zake mwezi wa Novemba 2024. Alitibiwa nyumbani, kisha akalazwa mara ya kwanza mwezi wa Februari 2025 na mara ya pili mwezi wa Juni, na hata macho yalipokataa kabisa, Joëlle alikuwa akimpigia simu kitandani na kumsomea matangazo, naye alikuwa akisikiliza amefumba macho, na muuguzi mmoja anasema alimjua mgonjwa huyu kwa kidole, kwa sababu kila mahali palipokuwa na kosa aliinua kidole kutoka kwenye shuka. Tarehe 15 Septemba alisomewa tangazo la mwisho, la kuondoka kwa mashua, na kidole hakikuinuka. Joëlle aliuliza, “Mama, munasikia?” Akasema, “Ninasikia. Iko sawa. Itie.” Jumatano tarehe 17 Septemba 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na mume wake na binti yake Simone, Mungu alimwita, akiwa na umri wa miaka sitini na minne.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, na watoto wanne wa Alphonse, ambao ni watoto wake.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, hata siku umeme ulipokatika wakamwangazia kwa simu zao. Inawashukuru majirani waliotoa viti, bâche na sufuria, na waliopika pondu tangu Jumatano bila kuulizwa. Inawashukuru walimu wenzake, kwaya, Papa Rachidi aliyekuja na familia yake nzima, watu wa beach waliosimamisha kazi asubuhi ya leo ili wambebe. Na inawashukuru Joëlle, Papy na Lionel, ndiyo, na Lionel pia, ambaye amekaa nasi katika matanga haya yote, na ambaye tangazo la kifo cha Mama alilileta kwanza hapa nyumbani, akalisoma kwa sauti mbele ya noko, akasubiri.

Mama Philomène, binti wa Yanonge, mwalimu wetu, umesikiliza vya kutosha, sasa acha sikio lako lilale, na amani ya Mungu ikufunike.

Lionel, mwanetu, tunakuona pale ulipokaa. Keshokutwa, Jumatatu, baleinière inaondoka kwenda Basoko, na kiti cha Mama kiko tupu. Tafadhali, weka mtu.